Usaidizi wa kujaza FAFSA

Usaidizi wa kujaza FAFSA ni kazi ya kuwasaidia wanafunzi na familia zao nchini Marekani kujaza fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo ya chuo kutoka serikali ya shirikisho. FAFSA ni kifupi cha jina la Kiingereza la fomu hiyo, Free Application for Federal Student Aid, yaani ombi lisilolipiwa la msaada wa shirikisho kwa mwanafunzi. Fomu hiyo ni mlango wa karibu fedha zote za umma za masomo ya juu: ruzuku, mikopo ya serikali na ajira za muda chuoni. Majimbo mengi na vyuo vingi hutumia majibu yake pia katika kugawa fedha zao wenyewe.

Kazi hii hufanywa na walimu washauri wa shule za sekondari, maafisa wa vyuo, wafanyakazi wa maktaba, mashirika ya wakimbizi, makanisa, misikiti na watu wa kujitolea. Ipo kwa sababu fomu haina malipo lakini si rahisi, na huwa ngumu zaidi kwa watu walewale ambao iliwekwa kwa ajili yao: familia zenye kipato kidogo, wazazi ambao hawakusoma chuo, wahamiaji na vijana wasioishi na wazazi wao. Mwanafunzi asiyeijaza hapati ruzuku hata kama anastahili kiwango cha juu kabisa, wala hakuna ofisi inayomtafuta kumweleza alichokosa.

Historia

Serikali ya Marekani ilianza kulipia masomo ya juu kwa kiwango kikubwa kupitia sheria ya mwaka 1944 ya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, inayojulikana kama G.I. Bill. Mwaka 1958, baada ya Umoja wa Kisovyeti kurusha satelaiti ya Sputnik, Kongresi ilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa iliyoanzisha mikopo ya wanafunzi. Msingi wa mfumo wa leo ni Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliisaini tarehe 8 Novemba 1965 huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe.

Mwaka 1972 iliongezwa ruzuku ya msingi kwa wanafunzi wenye uhitaji. Mwaka 1980 ilipewa jina la Claiborne Pell, seneta wa Rhode Island aliyeipigania, na hadi leo inaitwa Pell Grant.

Kwa miaka mingi familia zilijaza fomu za taasisi binafsi zilizokadiria uwezo wa mzazi kulipa, na taasisi hizo zilitoza ada. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1992 yaliagiza kuwe na fomu moja ya serikali isiyolipiwa, na hapo ndipo jina FAFSA lilipoanza. Mwaka 1997 fomu iliwekwa kwenye intaneti. Kuanzia maombi ya mwaka wa masomo 2017–18, fomu ilianza kufunguliwa mwezi Oktoba badala ya Januari, na kutumia taarifa za kodi za mwaka mmoja nyuma zaidi kuliko zamani. Badiliko hilo liliwapa familia miezi mitatu zaidi, na liliondoa shida ya kubahatisha kipato kabla ya ritani ya kodi kuwasilishwa.

Fedha zinazoombwa

Pell Grant hairudishwi. Kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka katika miaka ya masomo 2023–24, 2024–25 na 2025–26. Mwanafunzi anaweza kuipata kwa muda usiozidi mihula 12 katika maisha yake. Katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili chenye ada nafuu, kiasi hicho mara nyingi hutosha kulipa ada yote na kubaki cha vitabu. Katika chuo kikuu cha miaka minne huwa ni sehemu tu ya gharama.

Kuna pia ruzuku ya nyongeza inayogawiwa na vyuo kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi, kati ya dola 100 na 4,000 kwa mwaka, na mpango wa ajira za muda ambao serikali huchangia mishahara yake. Mikopo ya serikali ina mipaka: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehesabiwa kuwa tegemezi anaweza kukopa hadi dola 5,500. Wazazi nao wanaweza kukopa kwa jina lao. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeweka ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026.

Kujaza FAFSA hakumfungi mtu kuchukua mkopo. Hili linahitaji kusemwa mapema, kwa sababu baadhi ya familia huiogopa fomu zikidhani ni ya mkopo tu, na familia za Kiislamu zinazokwepa riba huiacha kabisa. Mwanafunzi huletewa orodha ya alichopewa, naye anaweza kukubali ruzuku na kukataa mkopo.

Jinsi fomu inavyofanya kazi

Mwanafunzi hufungua akaunti kwenye tovuti ya ofisi ya Federal Student Aid iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Kama ni tegemezi, mzazi mmoja au wote wawili huitwa wachangiaji wa taarifa, na kila mmoja anahitaji akaunti yake mwenyewe, barua pepe yake na saini yake ya kielektroniki. Neno mchangiaji huwatisha wazazi. Hapa halimaanishi kwamba atalipa, bali kwamba taarifa zake zinahitajika.

Kila mchangiaji lazima akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka mamlaka ya mapato ya shirikisho, IRS. Asipokubali, mwanafunzi hapati msaada wowote wa serikali ya shirikisho, hata kama mzazi huyo hakuwa na kipato wala hakuwahi kuwasilisha ritani. Kipato kinachotazamwa ni cha miaka miwili nyuma: ombi la mwaka wa masomo 2026–27 hutumia kodi za mwaka 2024.

Majibu huingizwa kwenye fomula inayotoa namba iitwayo fahirisi ya msaada wa mwanafunzi, kwa kifupi SAI. Namba ndogo ina maana ya uhitaji mkubwa, na inaweza kushuka hadi 1,500 chini ya sifuri. Kabla ya mwaka wa masomo 2024–25 namba ya aina hii iliitwa mchango unaotarajiwa wa familia, jina lililowafanya wazazi wengi waamini kuwa ndiyo bili watakayoletewa.

Nyumba ambayo familia inaishi haihesabiwi kuwa mali, wala akiba za uzeeni. Nyumba au kiwanja kingine huhesabiwa, hata kama kiko nje ya Marekani. Hata hivyo, familia iliyopokea aina fulani za misaada ya serikali, kama ule wa chakula, katika miaka miwili iliyotangulia huwa haiulizwi kabisa habari za mali. Shamba la familia na biashara ndogo viliondolewa kwenye msamaha kuanzia 2024–25, wakulima wakalalamika, na sheria ya Julai 2025 ikavirudisha kuanzia 2026–27.

Nani ni mzazi

Swali linalokwamisha watu wengi kuliko hesabu zote ni hili: nani ni mzazi? Kwa FAFSA, mzazi ni aliyemzaa mwanafunzi au aliyemuasili kisheria. Mzazi wa kambo huingia akiwa ameoana na mzazi huyo. Bibi, babu, shangazi, mjomba, baba mdogo na mama mkubwa si wazazi, hata kama wamemlea mtoto tangu akiwa mchanga na kumlipia kila kitu. Kwa familia za Afrika Mashariki, ambako baba mdogo ni baba na huitwa hivyo bila maelezo zaidi, hapa ndipo jibu la kweli la nyumbani linapokuwa jibu lisilo sahihi kwenye fomu. Mlezi aliyeandikwa kama mzazi huharibu ombi zima, na kulirekebisha huchukua wiki kadhaa.

Wazazi waliotengana au kuachana hawajazi wote. Kwa kanuni ya sasa anayejaza ni yule aliyempa mwanafunzi fedha nyingi zaidi za matunzo katika miezi 12 iliyopita. Zamani alikuwa yule ambaye mwanafunzi aliishi naye kwa siku nyingi zaidi, na wasaidizi wa miaka mingi bado hujikuta wakitoa jibu la zamani.

Mwanafunzi anayejitegemea kisheria hahitaji taarifa za wazazi. Anakuwa hivyo akiwa na umri wa miaka 24, ameoa au ameolewa, ana mtoto anayemtunza, amewahi kuwa askari, au anasoma shahada ya uzamili. Wengine ni yatima na waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13, pamoja na vijana wasio na makazi wanaoishi bila wazazi. Aliyewekwa na mahakama chini ya mlezi wa kisheria naye huhesabiwa kuwa anajitegemea, na hivyo yule baba mdogo mwenye hati ya mahakama haandikwi popote. Kukaa mbali na wazazi, au mzazi kukataa kulipa, hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi anayejitegemea.

Wapo pia wasioingia katika orodha hiyo lakini hawawezi kuwafikia wazazi wao: waliokimbia ukatili nyumbani, wenye wazazi waliofungwa gerezani, au wakimbizi ambao wazazi wao walibaki au walipotea katika nchi nyingine. Fomu ya sasa ina swali la hali zisizo za kawaida. Akijibu ndiyo, mwanafunzi anahesabiwa kwa muda kuwa anajitegemea, kisha afisa wa msaada wa fedha wa chuo husoma ushahidi na kuamua. Barua ya mwalimu, mchungaji, imamu au mfanyakazi wa shirika la wakimbizi inaweza kutumika kama ushahidi. Wanafunzi wengi hawalijui swali hili na huacha fomu ikiwa imejazwa nusu.

Jaribio la mwaka 2008

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba familia hazijazi fomu kwa kukosa habari, hivyo dawa ni vipeperushi na matangazo. Wachumi wanne, Eric Bettinger, Bridget Terry Long, Philip Oreopoulos na Lisa Sanbonmatsu, walilipima wazo hilo katika msimu wa kodi wa mwaka 2008. Walishirikiana na kampuni ya H&R Block, inayoandaa ritani za kodi, katika ofisi zake za Ohio na za Charlotte huko North Carolina.

Familia zenye kipato cha chini na cha kati ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisaidiwa palepale: karani alichukua takwimu zilizokwisha kuingizwa kwenye ritani, akauliza maswali machache yaliyobaki, na fomu ikawa tayari kutumwa. Kazi hiyo ilichukua takriban dakika 10. Kundi la pili lilipewa makadirio ya msaada ambao lingeweza kupata na kuhimizwa lijaze lenyewe. Kundi la tatu halikupewa chochote cha ziada.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Quarterly Journal of Economics. Kati ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ambao wazazi wao walisaidiwa kujaza, asilimia 36 walikamilisha angalau miaka miwili ya chuo ndani ya miaka mitatu iliyofuata, dhidi ya asilimia 28 ya wasiosaidiwa. Kundi lililopewa habari peke yake halikutofautiana na lile lisilopewa kitu. Ni matokeo machache katika utafiti wa elimu yanayotenganisha mambo mawili kwa uwazi hivyo, na ndiyo sababu programu nyingi zimeacha mihadhara na kuweka kompyuta mezani.

Aina za usaidizi

Mpango wa zamani unaojulikana zaidi ni College Goal Sunday, ulioanza Indiana mwaka 1989. Maafisa wa msaada wa fedha wa vyuo walijitolea Jumapili moja kukaa na familia na kujaza fomu pamoja bila malipo. Majimbo mengine mengi yaliiga, kila moja likiwa na siku na jina lake.

Kuna pia programu za serikali ziitwazo TRIO, ambazo mizizi yake ni miaka ya 1960. Mojawapo, Upward Bound, ilianza mwaka 1964. Zinahudumia vijana wa familia maskini na wale watakaokuwa wa kwanza katika familia kufika chuo, na sheria inazitaka kadhaa kati yake zisaidie kujaza maombi ya fedha. Nje ya programu hizo mzigo humwangukia mshauri wa shule. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, lakini shule nyingi za umma zina wanafunzi wengi zaidi kwa kila mshauri, na huyo huyo hupanga ratiba za masomo na kushughulikia misiba na ugomvi.

Majimbo kadhaa yamejaribu njia ya lazima. Louisiana ilikuwa ya kwanza: kuanzia wahitimu wa mwaka 2018, mwanafunzi hakumaliza sekondari bila kujaza FAFSA au kusaini kwamba ameamua kutoijaza. Idadi ya waliojaza ilipanda sana. Illinois, Texas, Alabama na California zilifuata kwa taratibu zao. Wapinzani walisema serikali haina haki ya kuifanya hati ya siri za kipato cha familia kuwa sharti la cheti, na mwaka 2024 bodi ya elimu ya Louisiana yenyewe iliamua kuondoa sharti hilo.

Msaidizi mzuri hufanya mambo machache kwa uangalifu. Humwacha mzazi afungue akaunti yake mwenyewe na achague neno la siri ambalo msaidizi halijui. Akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mwalimu hugeuka tatizo mwaka unaofuata, mwalimu akiwa amehama. Hakisii takwimu. Anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 20,000, kufungwa, au vyote viwili. Tena haulizi mbele ya watu habari za ndoa, kifungo au hali ya uhamiaji, jambo ambalo si rahisi katika ukumbi wa shule wenye meza zilizobanana.

Jina la fomu linasema haina malipo, hata hivyo wapo wanaotoza pesa kuijaza. Tovuti rasmi ya serikali huishia kwa .gov.

Msukosuko wa mwaka 2024

Desemba 2020 Kongresi ilipitisha sheria ya kurahisisha FAFSA. Maswali yalipaswa kupungua kutoka zaidi ya 100 hadi chini ya 50, na wanafunzi wengi zaidi walitarajiwa kupata Pell Grant. Wasaidizi waliisubiri kwa hamu.

Fomu mpya ya mwaka wa masomo 2024–25 haikufunguliwa Oktoba 2023 kama desturi. Ilitokea tarehe 30 Desemba, na mwanzoni ilipatikana kwa vipindi vifupi tu. Waliozaliwa mwaka 2000 walikwama katikati ya fomu kwa hitilafu ya programu. Pigo kubwa zaidi liliwapata wanafunzi raia wa Marekani ambao mzazi wao hana namba ya hifadhi ya jamii: mzazi hakuweza kuingiza taarifa zake, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na njia nyingine. Wakati huohuo iligundulika kwamba fomula haikuzingatia mfumuko wa bei ipasavyo, na kuirekebisha kulichelewesha mambo zaidi. Vyuo, ambavyo kwa kawaida vingekuwa na taarifa hizo miezi mingi kabla, vilianza kuzipokea Machi 2024.

Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliripoti baadaye kwamba katika miezi mitano ya kwanza simu milioni 4.0 kati ya milioni 5.4 zilizopigwa kwenye kituo cha huduma hazikupokelewa. Vyuo vingi vilisogeza mbele siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, ambayo kwa desturi ni tarehe 1 Mei, kwa kuwa haikuwa haki kumtaka kijana aamue kabla ya kujua atalipa kiasi gani. Wahitimu wa sekondari waliojaza fomu mwaka huo walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Wenye uwezo walisubiri. Waliokuwa wakipima kati ya chuo na kazi ya ghala walikuwa na sababu ndogo ya kusubiri.

Fomu ya mwaka uliofuata ilijaribiwa kwa makundi madogo kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 na kufunguliwa kwa wote Novemba. Desemba 2024 ilisainiwa sheria inayoitaka wizara kuifungua kila mwaka ifikapo tarehe 1 Oktoba. Fomu ya 2026–27 ilifunguliwa kabla ya tarehe hiyo, mwishoni mwa Septemba 2025.

Wahamiaji na wasemaji wa Kiswahili

Mbali na raia, sheria imekuwa ikiwatambua wakazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi kuwa wanaweza kupata msaada wa shirikisho. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi hayumo, wala vijana wasio na hati. Baadhi ya majimbo yana fomu zao kwa ajili ya vijana hao. California ni miongoni mwao.

Wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa kati ya makundi makubwa yaliyopokewa Marekani tangu miaka ya 2010. Wengi wanazungumza Kiswahili na wameishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya au makazi ya Nakivale nchini Uganda. Wamepelekwa Kentucky, Texas, Iowa, Ohio na majimbo mengine mengi. Fomu ya mtandaoni iko kwa Kiingereza na Kihispania, hivyo katika familia hizi mara nyingi mtoto ndiye mkalimani, naye hulazimika kumuuliza baba yake habari za mshahara ambazo kwa heshima ya nyumbani hasingeuliza.

Kikwazo chao cha kwanza huwa si fedha bali majina na tarehe. Akaunti ya FAFSA hulinganishwa na kumbukumbu za hifadhi ya jamii, na herufi moja ikitofautiana mfumo hukataa. Wakimbizi wengi waliandikishwa kambini kwa kusikia tu: jina la ukoo likawekwa mahali pa jina la kwanza, na siku ya kuzaliwa isiyojulikana ikaandikwa tarehe 1 Januari. Kanuni ni kutumia kile kilichoandikwa kwenye kadi ya hifadhi ya jamii, hata kama kimekosewa, na marekebisho yaombwe kwenye ofisi husika kwanza. Mkimbizi ambaye si raia huhitaji pia namba yake ya uhamiaji, inayoanza kwa herufi A.

Neno mkimbizi halitakiwi kuandikwa kama sababu ya kukosa wazazi ikiwa wazazi wapo Marekani. Hao hujaza kama wengine. Linalomhusu aliye peke yake ni lile swali la hali zisizo za kawaida lililotajwa juu.

Familia zenye mchanganyiko, ambamo mtoto ni raia na mzazi hana hati, zina hofu ya aina yake. Sheria ya Elimu ya Juu inaweka mipaka ya matumizi ya taarifa za FAFSA, lakini tangu mwaka 2025 baadhi ya mashirika yanayotoa usaidizi yamekuwa yakiwaeleza wazazi kwamba hayawezi kuwahakikishia taarifa hizo hazitatumika vingine. Desturi iliyoenea ni msaidizi kueleza faida na hatari, kisha kuiachia familia iamue, bila kuishinikiza upande wowote.

Baada ya kutuma

Baada ya kutuma, mwanafunzi hupata muhtasari unaoonyesha SAI na makadirio ya Pell Grant. Baadhi huchaguliwa kwa uhakiki na kutakiwa kuleta nyaraka chuoni. Barua za uhakiki hutumwa kwa barua pepe wakati wa kiangazi, shule ya sekondari ikiwa imefungwa na mshauri hayupo, na hapo wanafunzi wengi waliokwisha kukubaliwa hupotea njiani.

Vyuo hutuma barua za msaada, nazo hazifanani. Mwaka 2022 GAO ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo havikuonyesha gharama halisi atakayobaki nayo mwanafunzi, au viliionyesha ikiwa ndogo kuliko ilivyo. Baadhi huorodhesha mikopo pamoja na ruzuku chini ya jumla moja. Msaidizi huchukua kalamu, hutenga kisichorudishwa na kinachorudishwa, kisha hutoa cha kwanza kwenye gharama ya mwaka mzima, pamoja na chumba na chakula.

Kipato kikiwa kimeshuka tangu mwaka wa kodi uliotumika, kwa mfano mzazi amefukuzwa kazi au amefariki, familia inaweza kuandika kwa ofisi ya msaada wa fedha ya chuo na kuomba hesabu ipitiwe upya. Uamuzi huo ni wa chuo, si wa wizara.

Tarehe ya mwisho ya serikali ya shirikisho ni tarehe 30 Juni mwishoni mwa mwaka wa masomo, lakini kuitegemea ni kosa. Majimbo yana tarehe za mapema zaidi. California kwa miaka mingi imetumia tarehe 2 Machi, na ruzuku ya jimbo la Illinois hutolewa hadi fedha zitakapokwisha. Fomu hujazwa upya kila mwaka mwanafunzi akiwa bado chuoni.

Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki

Mwanafunzi anayetoka Tanzania, Kenya au nchi nyingine kwa viza ya masomo hawezi kupata msaada wa shirikisho wa Marekani kupitia FAFSA. Vyuo binafsi kadhaa huwapa wanafunzi wa nje misaada yao wenyewe, na baadhi huwataka wajaze fomu nyingine iitwayo CSS Profile, inayoendeshwa na College Board. Fomu hiyo hutozwa ada, ingawa chuo kinaweza kumsamehe mwombaji akikiandikia mapema. Inauliza mengi kuliko FAFSA, na baadhi ya vyuo huhesabu hata nyumba ambayo familia inaishi. Ushauri wa bure kuhusu vyuo na ufadhili hutolewa na EducationUSA, mtandao unaoungwa mkono na serikali ya Marekani wenye washauri Dar es Salaam na Nairobi.